Si Mzembe, ni Kidonge: Acheni Kuwasema Wari Wetu

Leo tunasema bila mapambo: tumechoka kusikia mtoto wa watu anayetumia dawa za kifafa anaitwa mzito, mvivu, zezeta, na posa inavunjwa kwa neno hilo hilo.

Sisi tunaoshona nguo za harusi tunawaona. Unampima mtu kiuno, unamtajia namba aiandike, na kalamu haijagusa daftari imeshampotea. Anatafuta jina la kitu anachokijua tangu utoto wake, "kile... cha kuvaa kidoleni ukishona", na nyuma yake watu wanacheka. Hiyo si tabia. Mtu anapoanguka, chembe za ubongo zimerusha umeme wake kwa fujo, na kazi ya dawa ni kuutuliza. Lakini inapotuliza fujo hiyo, mara nyengine inatuliza na fikra.

Fenobabitoni ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912 na mpaka leo bei yake ni nafuu. Huleta usingizi na akili ya polepole, ingawa baadhi ya watoto huwafanya watukutu. Topirameti inajulikana kwa kumnyang'anya mtu maneno mdomoni. Levetirasetamu humfanya mwengine mkali au mwenye huzuni, halafu mawifi wanasema ana kiburi!

Na nyinyi mnaosema "tupa vidonge, kunywa kombe tu", tuondokeeni. Dua hatuiachi, na dawa hatuiachi. Kifafa kisichodhibitiwa nacho kinaharibu kumbukumbu, na mtu akiacha dawa ghafla anaweza kupata mtukutiko usiokatika, na huo unaua.

Lawama nyengine iwaendee wanaomjibu mgonjwa, "Si huanguki tena, unataka nini zaidi?" Anataka kichwa chake! Daktari anaweza kupunguza kipimo, kukipandisha taratibu, kumtoa kwenye dawa mbili akabaki na moja, au kumbadilishia. Kwa hiyo, mwanakwetu, andika: umesahau nini, siku gani, saa ngapi baada ya kidonge. Ukisema "sijihisi vizuri" utaambiwa uvumilie. Ukifungua daftari lenye tarehe, ni vigumu kukurudisha mlangoni.

Sasa mabibi harusi. Somo anakufundisha liwa, udi na namna ya kukaa na mume. Nani anakwambia kuhusu valproeti? Hii ni dawa ya kifafa ambayo mama akiitumia na mimba, takriban mtoto 1 katika 10 huzaliwa na kasoro ya mwili, na 3 mpaka 4 katika 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili: kuchelewa kutembea, kuchelewa kusema, skuli kumshinda. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa wasiandikiwe. Soma jina lililo kwenye boksi lako. Ukilikuta, usiache kidonge hata kimoja kwa uamuzi wako. Nenda kwa daktari kabla ya nikahi, umwambie unaolewa. Zipo zenye hatari ndogo kwa mtoto, kama lamotrijini, lakini kubadilisha kunachukua wiki nyingi, na mimba haikusubiri. Muulize pia kuhusu uzazi wa mpango, maana kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge vyake.

Linalotuchoma zaidi ni mama anayemwambia binti yake, "Acha dawa wiki hii ya harusi, macho yachangamke kwenye picha." Jamani! Wiki yenyewe ndiyo ya kukesha na hina, ya kula ovyo, ya wasiwasi, na kukosa usingizi peke yake kunatosha kumwangusha mtu. Ukiongeza dozi zilizorukwa, umemwandalia mwanao aanguke mbele ya wageni wale wale uliokuwa ukiwaficha.

Upande wa mume wakiuliza, waambiwe: ana kifafa, anatumia dawa, dawa inampa usingizi na usahaulifu, na daktari anajua. Atakayeondoka aondoke mapema, kabla hatujakata kitambaa. Na hina ianze mchana, Isha ikishasaliwa bibi harusi anywe dawa yake alale.