Mtoto wa jicho si embe, hasubiriwi aive!

Leo tuongelee macho ya wazee wetu, maana huko majumbani kuna ubishi.

Bibi anamimina chai nje ya kikombe. Babu anawatambua wajukuu kwa sauti tu. Mmoja anasema apelekwe hospitali, mwingine anadakia: "Ngojeni, mtoto wa jicho hajaiva!" Basi, mwaka unapita, mzee anazidi kuzama gizani.

Jamani, huyo si embe! Kusubiri aive kulikuwa na maana zamani, wakati lenzi ya jicho ilitolewa na mgonjwa akabaki na miwani minene kama kitako cha chupa. Mwaka 1949 daktari Harold Ridley wa London alipandikiza lenzi ya bandia ndani ya jicho, na siku hizi hiyo ndiyo kawaida. Lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa mpya. Kwa mtu mzima mara nyingi ni ganzi tu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Sasa wakati wake ni upi? Ni pale kazi zinapokwama. Fundi cherehani hawezi kutunga uzi, mama hawezi kuchambua mchele, dereva anaumizwa na taa za usiku, na miwani mipya haisaidii. Hapo kaeni na daktari mpange siku. Lakini kama ukungu ni kidogo na mtu anasoma gazeti hili bila taabu, asikimbilie kisu. Apimwe tu mara kwa mara.

Anayengoja mno anajitafutia makubwa. Lenzi hukomaa ikawa ngumu, na kazi ya daktari nayo ikawa ngumu. Nyingine huvimba na kuleta presha ya jicho. Presha ikishaua mshipa wa fahamu wa jicho, hata lenzi ya dhahabu haitarudisha nuru. Na wale wenye matone ya "kuyeyusha" mtoto wa jicho, au sindano ya kumsukuma kando, wakimbieni!

Mtoto mchanga mwenye mboni nyeupe, huyo hana cha kungoja hata wiki. Akicheleweshwa, ubongo hautajifunza kuona vizuri.

Tukirudi kwa mzee, mara nyingi atawaambia: "Nimeshazeeka mie, nione nini tena?" Msikubali upesi. Wengine wanaogopa kisu, wengine wanaogopa kuwatia watoto gharama. Mwulizeni taratibu kinachomtisha, daktari amweleze faida na hatari zake, kisha aamue mwenyewe. Jicho ni lake, lakini nauli ya hospitali ni yenu nyie watoto!

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.