Nyumba ya Mawe Chini ya Vilima vya Ngong

Msafiri atokaye Salama kwa barabara ya Mombasa, akifika Nairobi na kushika njia ya Lang'ata upande wa machweo, atafika katika kitongoji kiitwacho Karen. Hapo, katikati ya bustani pana, pana nyumba ya mawe ya kijivu isiyo na ghorofa, yenye paa la vigae na baraza ielekeayo vilima vya Ngong. Kwa ukubwa, nyumba hii haizishindi nyumba za matajiri zilizoizunguka. Lakini habari zake ni nyingi, wala si zote zipendezazo.

Aliyeijenga ni Mswidi, Bwana Åke Sjögren, mwaka wa 1912. Mwaka wa 1917 ikahamiwa na Bibi Karen Blixen wa Denmark pamoja na mumewe, Bwana Bror Blixen. Fedha za shamba zilitoka kwa jamaa za bibi huyo huko Ulaya, waliofanya kampuni ya kulima kahawa. Shamba lilikuwa na eka 6,000 hivi, na katika hizo eka 600 zilipandwa mibuni. Mkulima yeyote ajuaye kahawa atauliza kwanza habari za mahali, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Ardhi ile ni ya juu sana, yapata futi 6,000 juu ya bahari. Baridi na upepo haviufai mbuni, na mvua yenyewe haikuwa ya kutegemewa. Mwaka wa 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea kwa moto. Mwaka baada ya mwaka hasara iliongezeka.

Eka 1,000 hivi zilikaliwa na maskwota, Wakikuyu wenye vibanda vyao, mbuzi wao na mashamba yao ya mahindi na maharagwe. Bibi Blixen mwenyewe aliandika baadaye kwamba wengi wao walizaliwa papo hapo, na baba zao kabla yao. Hata hivyo sheria haikuwahesabu kuwa wenye nchi. Kwa sheria ya mwaka wa 1918, skwota alipaswa kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ili apate ruhusa ya kukaa na kulima. Wazee wa Ukambani waliokaa katika mashamba ya Wazungu ya Ulu na Konza hawana haja ya kuelezwa maana ya siku hizo. Ni nusu ya mwaka, na mara nyingi ni nusu ile ile ambayo shamba la mtu mwenyewe lataka jembe.

Mkubwa wa Wakikuyu wa upande ule alikuwa Chifu Kinyanjui wa Gathirimu, mtu aliyeinuliwa na Serikali tangu siku za misafara. Yeye na bibi huyo walijuana sana, na mara nyingi alikwenda kuzungumza naye nyumbani kwake. Mwaka wa 1929 Kinyanjui aliugua mguu, hata ikawa hana tumaini. Akatuma watu kumwita Bibi Blixen, naye akaenda usiku kwa motokaa. Mzee alikuwa na ombi moja tu: hakutaka kupelekwa hospitali ya misheni, alitaka achukuliwe akafie katika nyumba ile ya mawe. Bibi akakataa. Alikuwa amechoka na mambo ya shamba, tena aliogopa kulaumiwa na Wazungu wenziwe kama chifu angefia mikononi mwake. Kinyanjui akapelekwa hospitalini, akafa huko. Habari hii haikutolewa na adui yake. Bibi Blixen aliiandika mwenyewe katika kitabu chake Out of Africa, kilichotoka mwaka wa 1937, wala hakujisifu. Kwa jambo hilo anastahili heshima, ingawa mzee alikwisha kufa.

Ilipofika mwaka wa 1931 bei ya kahawa ilikuwa imeanguka duniani kote, na kampuni ikaliuza shamba. Mnunuzi, Bwana Remi Martin, hakutaka kahawa. Alitaka kuikata ardhi viwanja vya nyumba. Maskwota wakapewa habari kwamba waondoke. Wao walikwenda kwa bibi na swali lililo gumu kuliko yote: waende wapi, nao ni watu wa pale? Wakataka angalau wasitawanywe, wakae pamoja na mifugo yao. Miezi yake ya mwisho katika nchi hii Bibi Blixen aliitumia kwenda ofisi hii na ofisi ile mjini Nairobi. Mwishoni Serikali ikawapa sehemu ya msitu wa Dagoretti, wakahamia huko pamoja. Yeye akarudi Denmark mwaka huo huo, wala hakuiona Kenya tena mpaka alipofariki mwaka wa 1962.

Nyumba ikapita mikononi mwa wenyeji mbalimbali. Mwaka wa 1964 Serikali ya Denmark iliitoa kwa Kenya iwe zawadi ya uhuru, ikawa sehemu ya chuo cha mafunzo ya lishe. Baada ya sinema ya mwaka wa 1985 kuijulisha duniani, ikafunguliwa mwaka wa 1986 kuwa makumbusho ya taifa. Baadhi ya vyombo vilivyomo ni vya bibi mwenyewe, na vingine vilitumiwa katika sinema ile, hata mgeni asiyeuliza hajui kiti kipi alikikalia nani.

Mgeni huonyeshwa chumba cha kulia, chumba cha vitabu na mashine ya zamani ya kahawa iliyo nje. Ile ardhi ya kahawa na ya maskwota ilikatwa viwanja kama alivyotaka mnunuzi, na penye mahindi yao leo pana nyumba za watu na bustani za maua.