Ombi la Mapema Lina Bei Yake

Ikikaribia Novemba, familia zenye watoto wanaotaka kusoma Marekani huhimizwa zichague chuo kimoja, zitie saini na kupeleka ombi la mapema linalomfunga mwanafunzi kujiunga nacho akikubaliwa. Wahimizaji wana hoja nne. Tuzipime.

"Anayewahi hupata nafasi kwa urahisi." Hapa pana ukweli, ila si wote. Utafiti wa Avery, Fairbanks na Zeckhauser, uliochapishwa 2003, ulionyesha kuwa waliowahi walipendelewa hata dhidi ya wenzao wenye alama sawa na zao. Lakini asilimia zinazotangazwa na vyuo hupotosha: kundi la mapema lina wanamichezo walioteuliwa na makocha, pamoja na watoto wa waliosoma hapo zamani. Mwanao akiwa si miongoni mwao, asijihesabie faida yao.

"Ile ni saini tu." Hutia saini mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule. Jibu likija Desemba, naye amekubaliwa, maombi mengine yote huondolewa. Hakuna atakayefikishwa mahakamani kwa kukiuka, lakini shule ikizoeleka kuvunja ahadi, watakaoumia ni wanafunzi wa miaka ijayo.

"Msaada wa fedha usipotosha, mtajitoa." Ni kweli, kujitoa kwa sababu hiyo kunaruhusiwa. Hasara iko kwingine: Desemba mna ofa moja, na hamna ya kuilinganisha nayo. Aliyengoja hupata majibu ifikapo mwanzoni mwa Aprili, ana hadi Mei 1 kuamua, na anaweza kukionyesha chuo kimoja ofa ya kingine na kuomba kiongeze. Vikokotoo vya gharama ambavyo sheria ya Marekani inavitaka vyuo viweke mtandaoni vimetungwa hasa kwa familia za huko. Mzazi wa Mombasa au Arusha asivitegemee. Tena vyuo vingi huangalia uwezo wa mwombaji wa kigeni kulipa kabla ya kumkubali. Vichache, kama Amherst na Dartmouth, haviangalii, na huahidi kuziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Kwa vyuo vya namna hiyo, hatari ya kujifunga hupungua sana.

"Asiyejifunga hakipendi chuo." Harvard, Yale, Princeton na Stanford hupokea maombi ya mapema yasiyomfunga mtu. Mwaka 2006 Harvard na Princeton zilitangaza kuachana kabisa na maombi ya mapema, zikisema yanawanufaisha wenye nacho, zikayarudisha 2011. Vyuo vyenyewe hubadili utaratibu kwa kuangalia maslahi yao, na familia nayo ina haki ya kuangalia yake.

Basi ombi la kujifunga linamfaa mwanafunzi ambaye alama zake zimekamilika, hana chuo kingine anachokitamani zaidi, na wazazi wake wameshajua kiwango wanachoweza kulipa kwa miaka yote minne. Kama jibu la ada bado ni "tutaona huko mbele", aombe pamoja na wengine katika awamu ya kawaida.