Tusimfanye Mungu fimbo ya kuwatishia watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wazazi na walimu tunalifanya kila siku bila kulifikiria sana. Nalo ni namna tunavyozungumza na watoto wadogo habari za dini na za Mwenyezi Mungu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, mkoani Singida, nafundisha darasa la pili. Katika darasa langu wamo watoto wa Kiislamu, wamo wa Kikristo wa madhehebu mbalimbali, na wamo ambao wazee wao bado wanashika mila na matambiko ya jadi. Wote wanakaa katika madawati yale yale, watatu na pengine wanne dawati moja. Mwalimu wa madarasa ya chini hahitaji kwenda nyumba kwa nyumba ili ajue yanayosemwa huko. Watoto humletea yote asubuhi.

Mwaka jana mtoto mmoja alikataa katakata kukaa na mwenzake wa dini nyingine. Nilipomwuliza sababu alisema ameambiwa nyumbani kwamba mwenzake ataungua moto, na yeye akikaa karibu naye ataungua pia. Mtoto yule hakuwa na chuki hata kidogo. Alikuwa na hofu. Nilimwambia kwamba hukumu ni kazi ya Mungu mwenyewe, si kazi ya darasa la pili, na kwamba dawati letu haliungui. Akakaa. Lakini nilijiuliza ni wangapi wanaobeba hofu ya namna hiyo bila kuisema.

Aliyemfundisha maneno hayo pengine alikuwa na nia njema ya kutaka mtoto ashike dini yake. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka saba huyapokea maneno kama yalivyo. Chuoni tulisoma habari za Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliyeonyesha kwamba mtoto wa umri huo hufikiri kwa kutumia vitu anavyoviona na kuvishika. Mwambie Mungu yuko juu, naye atatazama paa la darasa. Mtajie moto wa milele, naye ataona moto wa mafiga ya mama yake ukimwunguza jirani yake wa dawati.

Ndugu Mhariri, kuna mazoea mengine ambayo ni mabaya zaidi, ya kumtumia Mungu mahali pa fimbo. Mtoto akikataa kulala, Mungu atamchoma. Akimjibu mkubwa vibaya, Mungu atamkata ulimi. Matokeo yake ni kwamba mtoto akishikwa na malaria anaanza kutafuta ni kosa gani alilolifanya. Hata maneno ya kufariji huweza kumtisha. Yuko mtoto aliyefiwa na mdogo wake, akaambiwa kwamba Mungu humchukua mtoto mzuri kwa sababu anampenda. Alikuja kuniuliza kama na yeye akiwa mzuri sana atachukuliwa. Tulitaka kumpoza, kumbe tumemfundisha kuogopa kuwa mwema!

Najua wapo watakaosema kwamba mtoto asipotishwa mapema atakuwa mwizi au mhuni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami sipingi. Lakini kukunja si kuvunja. Mtoto anayeacha kuiba kwa sababu ya kuogopa moto ataiba siku atakapoanza kutilia shaka huo moto. Aliyefundishwa kwamba kuiba kunamwumiza mwenzake, na kwamba Mungu hapendi mtu aumizwe, ana sababu mbili za kuacha, na moja itabaki naye hata nyingine ikilegea.

Wapo pia watakaosema kwamba sisi walimu wa shule za Serikali tukae kimya kabisa, kwa kuwa Serikali haina dini. Ni kweli kwamba Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mwalimu hana ruhusa ya kumvuta mtoto wa mwenzake aingie katika dini yake. Lakini kutohubiri ni jambo moja, na kumnyamazia mtoto anayeuliza ni jambo jingine. Mtoto anayenyamaziwa na wakubwa haachi kuuliza. Anakwenda kuwauliza watoto wenzake, nao watamjibu!

Tuliyaona matunda yake Mbagala, Dar es Salaam, mwezi Oktoba mwaka 2012. Watoto wawili wa dini mbalimbali walibishana juu ya litakalompata mtu akiidharau Kurani Tukufu, na mmoja akaidharau kweli ili aone kitakachotokea. Watu wazima wakaingia katika ubishi ule wa watoto, zikazuka ghasia, na makanisa kadhaa yakavunjwa na kuchomwa moto. Laiti watoto wale wangekuwa wamefundishwa mapema kwamba kitabu cha mwenzako unakiheshimu kwa sababu mwenzako anakipenda, ubishi ule usingekuwa na pa kuanzia.

Basi tufanye nini? Mimi nashauri tuanze na neno dogo, nalo ni "sisi tunaamini". Mzazi Mwislamu amwambie mtoto wake bila kificho, "Sisi tunaamini hivi, ndiyo maana tunaswali na kufunga." Mzazi Mkristo naye aseme, "Sisi tunaamini hivi, ndiyo maana tunakwenda kanisani." Mtoto akiuliza kuhusu jirani, aambiwe, "Wao wanaamini vile, nao pia wanamwomba Mungu." Neno hilo halimpunguzii mtoto imani yake hata chembe. Linamfundisha tu kwamba imani ya nyumbani kwao ni zawadi aliyopewa, si rungu la kumpigia mwenzake. Na pale tusipojua jibu, tuseme hatujui. Mtoto hamdharau mkubwa anayesema "sijui". Humdharau yule anayekuja kugundua kwamba alimdanganya.

Viongozi wa dini wanaokuja shuleni kufundisha kipindi cha dini nao nawaomba wawafundishe watoto uzuri wa dini yao, na ubaya wa dini nyingine wauache nje ya uzio. Na walimu wenzangu, tuwakumbuke wale watoto ambao hawana shehe wala katekista wa kuwafundisha saa hiyo. Tusiwaite wapagani mbele ya wenzao. Babu zao walimjua Mungu kwa jina la Ruwa kule Uchagani, na Kyala kule Unyakyusa, kabla ya misheni yoyote kufika, na Wakristo wa huko wanamwomba kwa majina hayo hayo hadi leo.

Kila asubuhi ya paredi watoto wangu wote huimba pamoja Wimbo wa Taifa. Muziki wake ulitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, nao ulikuwa wimbo wa kanisa. Leo unaimbwa na Mwislamu, Mkristo na mjukuu wa mtambikaji, na hakuna anayemwuliza mwenzake anamwomba Mungu yupi. Ikiwa watoto wanaliweza jambo hilo uwanjani, sisi wakubwa tusiwaharibie wakirudi nyumbani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kijijini,
Singida.