AFYA YA NYUMBANI: Chakula Kinachodhuru kwa Kuchelewa

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Lakini yako maradhi ya tumbo ambayo uji wenyewe ndio upasao kuulizwa: ulitiwa nini, ulinywewa lini, na tumbo lilianza kusumbua saa ngapi?

Tuchukue mfano wa mke wa askari akaaye Namatala, mjini Mbale. Jumatatu asubuhi humpa mwanawe wa miezi 9 uji wa ulezi uliotiwa maziwa ya ng'ombe. Jumanne mchana mtoto hula wali na dagaa, na jioni huharisha kamasi. Mama hulaumu dagaa. Huenda dagaa hawana hatia, na mkosaji ni maziwa ya jana.

Mzio wa chakula, ambao wengi huuita aleji, una namna mbili. Namna ya kwanza huja upesi: midomo huvimba, ngozi huwasha na pumzi hubana. Namna ya pili hushika utumbo, na dalili zake huonekana baada ya saa kadhaa, hata siku 2 au 3: kutapika, kuharisha, damu au kamasi katika choo, na mtoto kutoongezeka uzito. Kwa watoto wachanga maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayoongoza; soya, ngano, mayai na samaki pia huweza kudhuru.

Hata hivyo, si kila tumbo linalokataa maziwa lina mzio. Mwaka 1966 madaktari G. C. Cook na S. K. Kajubi walitangaza uchunguzi wao uliofanywa Uganda: katika jamii za wakulima, watu wengi walikosa kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa, lakini wengi wa jamii za wafugaji walikuwa nacho. Mtu wa namna hiyo hujaa gesi na kuharisha, lakini hatoki damu, na mara nyingi huweza kunywa mtindi bila taabu. Mwenye mzio wa maziwa hafai kupewa hata mtindi. Maziwa ya mbuzi nayo si badala, kwani protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Basi ifanyweje? Kwanza, mtoto apelekwe hospitali, choo kipimwe na malaria itafutwe. Minyoo, amiba na maji machafu huharisha wengi kuliko mzio.

Pili, mama aandike katika daftari kila chakula, saa yake, na hali ya choo. Baba akirudi kutoka zamu asome, naye aandike alichomlisha mtoto.

Tatu, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha mzio huu wa kuchelewa, mganga ataagiza chakula kimoja tu kinachoshukiwa kiondolewe kwa wiki 2 hadi 4. Anyonyeshaye asiache kunyonyesha. Huenda akaambiwa yeye mwenyewe aache maziwa ya ng'ombe kwa muda huo.

Nne, chakula hicho kirudishwe kidogo kidogo. Dalili zikirejea, mkosaji amepatikana. Zisiporejea, mtoto aendelee kukila. Lakini mtoto aliyewahi kutapika mfululizo hadi akalegea na kupauka, asijaribiwe nyumbani kamwe. Kazi hiyo ni ya hospitali.

Hatua ya nne ndiyo inayosahauliwa na wengi. Mama huondoa maziwa, kisha mayai, kisha samaki, wala harudishi kitu, mpaka mtoto abaki na uji mtupu. Huo ndio mlango wa utapiamlo, nao huua. Kila kinachoondolewa kipate badala yake: maharage, nyama, mayai au dagaa, kwa kadiri mtoto anavyovipokea.

Aidha, watoto wengi wenye mzio wa maziwa hupona wakiwa bado wadogo. Kwa hiyo mganga aulizwe tena kila baada ya miezi kadhaa kama wakati wa kujaribu umefika, ili mtoto asinyimwe kwa miaka chakula ambacho tumbo lake limekwisha kukikubali.