Boksi la besi linunuliwe kwa hesabu, si kwa ukubwa

MKULIMA anayetaka kununua pawatila huuliza kwanza ina nguvu gani, inakunywa mafuta kiasi gani na vipuri vyake vinapatikana wapi. Lakini mwenye bendi anapokwenda Kariakoo kutafuta boksi la spika la gitaa la besi, mara nyingi swali lake ni moja tu: lina wati ngapi? Akijibiwa kwamba ni elfu moja, hulipa, hukodi gari na kurudi nyumbani akiamini kazi imekwisha.

Hasara huanza Jumamosi ya kwanza. Boksi halipiti kwenye mlango wa ukumbi mpaka wapatikane vijana wanne wa kulibeba, nao hawabebi bure. Likiisha kufungwa, besi inavuma jukwaani na kumchanganya mwimbaji, huku wageni walioketi nyuma wakisikia mngurumo usio na noti. Mpiga besi anaongeza sauti, na kabla ya saa sita usiku spika imeungua. Mwenye sherehe hajui wati wala koili. Anachojua ni kwamba watu hawakucheza, na harusi inayofuata ataita bendi nyingine.

Huko nyuma hasara ya namna hii haikumgusa mwanamuziki moja kwa moja. Bendi kubwa za dansi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mpiga besi alikuwa mwajiriwa, vyombo vilikuwa vya mwajiri, na kikiharibika kimoja ni mwajiri aliyetafuta kingine. Leo bendi nyingi zinazopiga kwenye harusi, baa na makanisa zimenunua vyombo kwa fedha za watu binafsi. Boksi limekuwa mtaji, na mtaji hauna budi kupigiwa hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya kazi yenyewe. Mwenye bendi ajiulize ni nani atakayepeleka besi kwa watu. Kama ukumbi una mitambo mikubwa yenye spika za besi, gitaa huunganishwa kwenye mikisa kwa kutumia kisanduku kidogo kinachojulikana kama DI, na mitambo hiyo ndiyo inayowachezesha wageni. Hapo boksi la jukwaani lina kazi ya kumwezesha mpiga besi na mpiga ngoma kusikilizana tu. Kama bendi inapiga kwenye ua wa baa ambako spika zilizopo ni za waimbaji, boksi hilo peke yake ndilo litakalobeba besi yote hadi meza ya mwisho. Hizi ni kazi mbili tofauti, na anayenunua kabla ya kujua ipi ni yake ananunua mbegu bila kujua udongo wa shamba lake.

Wengi huvutwa na boksi refu lenye spika nane za inchi 10. Sifa yake ni ya haki. Kampuni ya Ampeg ya Marekani ilipotoa amplifaya yake ya SVT ya wati 300 mwaka 1969, pamoja na maboksi ya namna hiyo, maonyesho yalikuwa yamekuwa makubwa huku mitambo ya ukumbini ikibeba hasa sauti za waimbaji. Besi ilibidi ijitegemee. The Rolling Stones waliitumia katika ziara yao ya Marekani mwaka huohuo, na tangu hapo boksi hilo likawa alama ya ukubwa wa bendi.

Lakini boksi hilo, kwa toleo linalojulikana zaidi, lina uzito wa takriban kilo 63, na kichwa chake cha valvu kinazidi kilo 30. Lilibuniwa kwa bendi yenye lori na wabebaji. Bendi inayosafiri kwa kirikuu, huku ngoma, kinanda na wapigaji wakigombea nafasi, haina sababu ya kulipa gharama hizo ili ionekane kubwa.

Chukua mfano wa bendi inayopiga mara nane kwa mwezi, ambayo kwa sababu ya boksi moja inalazimika kuongeza Sh30,000 za gari na wabebaji kila safari. Kwa mwezi ni Sh240,000, na kwa mwaka ni Sh2,880,000. Fedha hizo hazionekani kwenye bei ya dukani, lakini zinatoka mfukoni mwa bendi ileile.

Hesabu ya pili ni ya wati. Ikumbukwe kwamba wati zilizoandikwa kwenye boksi si kipimo cha sauti. Ni kiasi cha umeme ambacho spika inaweza kupokea bila kuungua. Zaidi ya hapo, maandishi ya PMPO yenye maelfu ya wati hayana kipimo kinachokubaliwa na wote, na mnunuzi ayapite kama hayapo. Wati za kutazama ni zile zinazoandikwa RMS.

Kipimo cha sauti ni desibeli ambazo boksi linatoa likipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja. Namba hiyo ndogo kwenye karatasi ya maelezo ina fedha nyingi ndani yake. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza wati maradufu. Kwa hiyo boksi la desibeli 100 likipewa wati 100 litatoa sauti sawa na boksi la desibeli 94 lililopewa wati 400. Anayenunua boksi la pili kwa sababu ni rahisi atalazimika kununua amplifaya kubwa zaidi ili kulifikia lile la kwanza, na siku ya jenereta atalipia mafuta zaidi.

Hesabu ya tatu ni ya ukubwa wa spika. Imezoeleka kusema kwamba spika ya inchi 15 ndiyo yenye besi nzito na ya inchi 10 ni nyepesi. Maneno hayo hayana ukweli wa jumla. Kinachosukuma hewa ni eneo la karatasi ya spika pamoja na umbali inaokwenda mbele na nyuma. Kwa kipimo cha eneo, spika mbili za inchi 10 zinakaribia moja ya inchi 15, na nne zinaizidi kwa mbali. Jinsi boksi lilivyotengenezwa lina uzito mkubwa kuliko inchi.

Aidha, uzi mzito zaidi wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa mitetemo 41 kwa sekunde, na ule wa tano kwenye gitaa la nyuzi tano hutoa takriban 31. Ni maboksi machache ya jukwaani yanayotoa mitetemo hiyo kwa nguvu kamili. Hata lile mashuhuri la spika nane huanza kupunguza sauti kabla ya kufika chini ya 50. Besi husikika kwa sababu kila noti hubeba pia mitetemo ya juu yake, 82 na kuendelea, na sikio hujazia iliyopungua. Ndiyo maana mpiga besi anayezungusha kitufe cha besi hadi mwisho haongezi uzito wa muziki. Anachoongeza ni joto kwenye koili. Kushuka oktavu moja kwa sauti ileile kunaitaka spika isogee mara nne zaidi, na hapo ndipo nyingi zinapokufa.

Yapo pia maumbile ambayo hakuna muuzaji anayeweza kuyashinda. Boksi likiwa dogo, likashuka chini sana na likatoa sauti kubwa kwa umeme kidogo, mnunuzi ajue anadanganywa. Sifa mbili kati ya hizo zinapatikana pamoja, lakini zote tatu hazipatikani. Wahandisi huiita kanuni ya Hofmann, kwa jina la mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya spika ya KLH ya Marekani. Kwa mwenye bendi, maana yake ni kwamba atachagua anachokubali kukikosa.

Kwa bendi ya kuhama, chaguo lenye busara ni maboksi mawili madogo yanayofanana badala ya moja kubwa. Yanaweza kuwa na spika moja ya inchi 12 kila moja, au mbili za inchi 10, na kila boksi liwe la omu 8. Kwenye harusi ya ukumbini linakwenda moja. Kwenye uwanja wa wazi yanakwenda mawili. Yakiunganishwa pamoja yanakuwa omu 4, kiwango ambacho amplifaya nyingi zimetengenezwa kukibeba, na ongezeko la sauti linaweza kufika desibeli 6. Moja likiharibika usiku wa manane, onyesho linaendelea kwa lililobaki. Boksi moja kubwa likikata sauti, bendi nzima imekwama.

Hapa ipo hadhari. Maboksi mawili ya omu 4 kila moja yakiunganishwa yanakuwa omu 2, na amplifaya nyingi haziwezi mzigo huo. Zitajizima katikati ya chemko au zitaungua kabisa. Kwa hiyo anayenunua boksi la kwanza leo afikirie la pili la mwakani, na achague omu 8 tangu mwanzo.

Teknolojia nayo imemsaidia mwenye fedha kidogo. Sumaku za neodimiamu, zilizovumbuliwa miaka ya 1980, zimepunguza sana uzito wa spika, na amplifaya za daraja la D zimeufikisha uzito wa kichwa hadi kilo 3 au pungufu kwa baadhi ya aina. Spika hizo nyepesi ni ghali kuliko zenye sumaku ya kawaida, na bei ya neodimiamu iliwahi kupanda vibaya mwaka 2011 baada ya China kubana mauzo yake nje. Hata hivyo, bei hiyo ilinganishwe na nauli ya mwaka mzima, si na bei ya boksi la jirani peke yake.

Wapo watakaosema fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza boksi kwa nusu ya gharama. Ni kweli, ila kwa sharti moja. Fundi asinakili boksi kwa macho. Tangu kazi za Neville Thiele na Richard Small zilizofanyika Australia kuanzia miaka ya 1960, kila spika nzuri huja na vipimo vinavyoonyesha inahitaji nafasi ya lita ngapi na tundu la ukubwa gani. Spika ikiwekwa kwenye boksi lisilo lake, au tundu likikatwa kwa kukisia, karatasi hupiga bila kizuizi kwenye noti za chini na kuchanika. Mbao nazo ziwe plaiwudi, kwa kuwa MDF ni nzito na huvimba ikiloa mvua ya kwanza.

Mnunuzi wa boksi lililotumika abebe gitaa lake mwenyewe. Alipige kwa sauti ya kazini, si ya kunong'ona, kuanzia uzi mzito hadi mwembamba, kisha asimame hatua kumi mbali na kumwachia mwenzake apige. Azime, asukume karatasi ya spika taratibu kwa vidole vilivyotawanyika sawasawa. Ikikwaruza, koili imeshaungua au imepinda. Anuse nyuma ya boksi kama kuna harufu ya kuungua. Mwisho alinyanyue peke yake, kwa sababu siku moja atalazimika kulinyanyua peke yake.

Hata lililo bora huharibiwa na mpangilio mbaya. Maboksi mawili yapandane, yasikae ubavu kwa ubavu. Yakipandana, sauti huwafikia watu wa kulia na kushoto kwa usawa zaidi, na spika ya juu humkaribia mpiga besi masikioni. Akijisikia vizuri, hataongeza sauti bila sababu. Likisogezwa kwenye kona ya ukumbi, boksi huvuma zaidi. Mvumo huo ni msaada uwanjani penye ukuta mmoja, na ni balaa kwenye ukumbi mdogo.

Haina maana kwamba boksi kubwa halina mahali pake. Bendi yenye ukumbi wake, ambayo vyombo vyake havihami kutoka wiki hadi wiki, hailipi nauli wala wabebaji. Hiyo inunue spika zake nane na ifurahi nazo. Wapigaji wakongwe wanaosema hakuna sauti kama ile hawakosei. Wanachosahau ni kwamba enzi zao lori lilikuwa la mwajiri.

Bendi inayoishi kwa malipo ya mlangoni na malipo ya awali ya harusi haina mwajiri wa kuiokoa. Kabla haijatoa fedha, iandike kwenye karatasi mambo matano: kazi yenyewe, desibeli, omu, kilo na nauli. Wati zije baada ya hayo. Boksi litakalofaulu mtihani huo huenda lisiwashangaze watu likiwa limezimwa, lakini muziki ukianza wageni watainuka kwenye viti vyao, na hicho ndicho bendi inacholipwa.