Baridi ya Njombe Inasingiziwa

Kila unapofika msimu wa baridi, kati ya Juni na Agosti, ofisi za Njombe hazikosi kikohozi, wala hazikosi barua ya kuomba uhamisho. Sababu inayoandikwa ni ileile: hali ya hewa. Mtumishi kifua kinambana na kupiga mluzi usiku kucha. Basi kosa ni la baridi, na dawa yake ni kuhamia Dar es Salaam. Hii ni kasumba, nayo yafaa ipigwe vita.

Hakuna anayekana kwamba hewa ya baridi huweza kuamsha pumu. Lakini kuamsha si kuzaa. Pumu ya mzio hutokea pale mwili unapokichukulia kitu kisichowadhuru wengine, kama vumbi, kuvu au manyoya ya paka, kuwa ni adui. Njia za hewa huvimba, misuli yake hukaza, ute hujaa, na pumzi inayopenya hapo hutoa mluzi. Sasa mtazameni huyo anayelaumu baridi. Jioni hufunga madirisha yote, huingiza jiko la mkaa chumbani, hujifunika blanketi ambalo halijaanikwa juani tangu Pasaka. Moshi na kuvu hulala naye. (Jiko hilohilo huua pia, kwa hewa yake ya sumu isiyo na harufu.) Asubuhi huilaani Njombe!

Makambako nako kisingizio ni upepo. Upepo upo, lakini haubebi ila ulichokikuta: vumbi la njia panda ambako malori ya Zambia hukutana na ya Songea, na unga wa mbao kutoka mashine za kupasulia magogo. Unga huo haukuletwa na Mungu. Kibarua anayeuvuta kutwa bila kitambaa cha pua ana tajiri anayepaswa kuulizwa.

Yenye uchungu zaidi ni ya shuleni. Alfajiri watoto hufagia darasa kavukavu, vumbi likafika darini. Kisha mchakamchaka katika ukungu. Mtoto mwenye pumu huishia njiani, ameshika magoti, kifua kikilia. Mwalimu humwita mvivu, na pengine fimbo hufuata. Mwalimu huyo anaadhibu ugonjwa! Na mtoto akitoa kifaa chake cha kuvuta dawa, hunong'onwa kwamba amefikia hatua ya mwisho, kwani imeenea dhana kuwa kifaa hicho kikizoewa humfikisha mtu kaburini. Uongo mtupu. Dawa ya kuvuta hufika penye uvimbe kwa kipimo kidogo kuliko cha vidonge. Na tangu 2019 miongozo ya kimataifa inawataka vijana na watu wazima wasitegemee salbutamoli peke yake, bali wapate pia dawa ya kuvuta inayopunguza uvimbe.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi. Walisikiliza redio, wakajadili, wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Hawakungoja hali ya hewa ibadilike. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Je, mtumishi anayeomba uhamisho amekwisha kuuhamisha mkaa chumbani mwake? Na mwalimu mkuu anangoja kibali cha nani ili sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na mtoto mwenye pumu akae na dawa yake mfukoni, badala ya kufungiwa katika kabati la ofisi?